Daktari, Geukia Ukutani

Mgongo wangu ulianza kunitia aibu sokoni Tandika, mbele ya muuza dagaa. Nilikuwa nimesimama nasubiri anifungie, miguu ikaanza kufa ganzi toka makalioni mpaka nyayo, ikawa mizito kama imemwagiwa zege. Nikainama, nikashika magoti, na hapo hapo nikapata nafuu. Muuza dagaa akadhani nimedondosha kitu, naye akainama anisaidie kutafuta. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akauliza tumepoteza nini, akainama pia. Kufumba na kufumbua tumekuwa kundi zima tunakagua matope, na mie naona haya kusema kwamba hakuna kilichopotea zaidi ya miguu yangu.

Basi ikawa ndiyo tabia. Nikitembea kidogo tu, lazima niiname au nitafute pa kukaa. Nilikaa kwenye ndoo za watu, nikakaa kwenye msingi wa nyumba isiyo yangu, siku moja nikakaa kwenye kitanda kipya nje ya karakana ya seremala, akanijia mbio na bei. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye akijua jambo na mtaa umejua, akatangaza kwamba nimekalia kiti cha mwenyewe, yaani jini. Wakaniletea mafuta ya nyonyo. Wakanipeleka hijama kuumikwa, nikatoka na miduara mgongoni kama nimekanyagwa na vikombe. Mmoja akasema nilale sakafuni, mwingine akasema nisilale sakafuni. Nilifanya yote mawili, na miguu ikaendelea kufa.

Kitu kimoja tu kilinisaidia, nacho nilikigundua kwa bahati. Nilimsindikiza mjukuu wangu supamaketi, nikashika toroli la kuwekea vitu, nikaliegemea na kulisukuma. Subhanallah. Nikatembea kama msichana. Nikazunguka mchele, nikazunguka sabuni, nikaenda mpaka kwenye vyakula vya paka, na sina paka. Toka siku hiyo nikawa naenda supamaketi kutembea. Sinunui kitu. Mlinzi akaanza kunifuata, kwa sababu mwanamke mtu mzima aliyejitanda kanga, anayesukuma toroli tupu tangu saa nne na kutabasamu peke yake, hata mie ningemfuata.

Sasa lazima niseme kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini niliulilia mgongo kuliko nilivyomlilia mume wangu. Mie ni kungwi. Nimewafunda wanawake wa Temeke na Mbagala toka nina meno yote, na wengine wao sasa ni mabibi wanaoonekana wazee kunishinda. Ninachofundisha hakisemwi mbele ya mwanamume, awe mume, awe shehe, awe mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kuna maneno ndani yake, kuna usafi, kuna adabu ya kukaa na mtu, lakini kuna na kiuno. Kiuno huwezi kukifundisha kwa kusimulia. Lazima mwali aone cha somo wake, yaani kungwi, kinavyokwenda.

Na kuna siku ya kutoka. Siku hiyo mwali hakanyagi chini. Anafunikwa kanga gubigubi, haonekani hata ukucha, na hasemi neno. Somo wake anampandisha mgongoni, anamtoa chumbani, anapita naye ukumbini mpaka uani ambako wanawake wanasubiri na ngoma zinalia. Hivyo ndivyo nilivyomtoa binti yangu mwenyewe. Nakumbuka joto lake mgongoni kwangu na jinsi alivyokuwa anacheka kimyakimya ndani ya kanga, tumbo lake likinitikisa. Binti huyo alikufa akaniachia mtoto mdogo, ambaye bado alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Nikamlea mie.

Mtoto akakua, akaposwa na kijana wa Tabata, harusi ikapangwa mwezi wa mfungo tatu. Shangazi zake wakataka kungwi wa kukodi, yule anayevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi na kila anachofanya kinarushwa kwenye simu. Mjukuu wangu akakataa. Akaja akaniambia, "Bibi, mama ulimbeba. Na mie utanibeba." Nikamjibu, "Nitakubeba." Nilisema hivyo nimekaa.

Nikaona nijaribu kwanza kwa mtu mwingine, nisije nikamwangusha mwali mbele ya watu, nuksi ikamfuata mpaka Tabata. Nikamwomba yule jirani, maana umbo lake na la mjukuu wangu yanakaribiana, ingawa mwenyewe ukimwambia anafurahi kupita kiasi. Akapanda mgongoni uani kwangu. Nikanyanyuka vizuri, nikapiga hatua za mwanzo, nikajisifu moyoni. Tulipofika usawa wa jiko, mguu wa kulia ukaniaga, wa kushoto ukaufuata. Tukaenda chini wote wawili juu ya banda la kuku. Kuku walitoka salama. Jirani alichunika kiwiko, akakitembeza mtaani kama kitambulisho.

Hiyo ndiyo iliyonipeleka hospitali. Nilitaka kitu kimoja tu: nipate miguu ya kumtoa mjukuu wangu.

Wakaniingiza kwenye lile bomba linalogonga kama karakana ya magari, nikatoka na picha. Daktari alikuwa kijana wa bara, mrefu, mpole, anasema "Shikamoo mama" na kuinama kabisa. Akaniwekea picha kwenye taa. Akasema katikati ya pingili za mgongo kuna mfereji, na ndani ya mfereji inapita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Wangu umekuwa mwembamba huku chini kwa sababu mifupa imeota vinundu na kano imenenepa. Ukisimama wima mfereji unabana zaidi, ukiinama unafunguka kidogo, ndiyo maana toroli ulilonitajia linakupa raha.

Nilimpenda kwa hilo la toroli. Huko nyuma nilishaanza kudhani nina wazimu.

Kisha akaniwekea mezani dawa zilizopo, kama muuza vitambaa anavyokunjua majora. La kwanza, mazoezi na sindano ya mgongoni ya kupunguza uvimbe. Inatuliza, lakini haipanui kitu. La pili, upasuaji wa kizamani, mgongo unafunguliwa kwa mkato mrefu, misuli inabanduliwa, mfupa unaondolewa. Unakaa kitandani hadi wauguzi wanajua nyimbo unazozipenda. La tatu, kupitisha kibomba chembamba kwenye tundu dogo, kina kamera, na kukwangua mfupa na kano humo humo bila kuisumbua sana misuli. La nne, kupitia tundu dogo vilevile, kuweka kipande katikati ya pingili kama kabari ya mlango, ili mgongo ubaki umefunguka kidogo. Na la tano, nati na vyuma, pingili mbili zinafungwa zisicheze tena, maana moja yangu ilikuwa imeteleza kidogo mbele ya mwenzake.

Akaniuliza, "Mama unafanya kazi gani?"

Jamani. Chumbani tuko watatu, yeye, mie na muuguzi mmoja mnene aliyekuwa ananipa mgongo anapanga vifaa. Nimwambie nini kijana wa watu? Nikasema, "Mwalimu."

"Wa shule ya msingi?"

"Wa watu wazima."

Akaandika. Akafikiri, akasema kwa mwalimu wa umri wangu anaona ile kabari inafaa, na kama pingili itaendelea kuteleza, basi nati. Akasema, "Hutaweza tu kujipinda kwenda nyuma kama zamani, na huku chini patakuwa pagumu kidogo. Lakini kwa mtu wa kusimama ubaoni hilo halina shida."

Nilijisikia kama mtu anayenyolewa nywele anazozitaka, na amebanwa ulimi. Kijana hakukosea chochote. Alikuwa anamtibu mwalimu wa elimu ya watu wazima, mwanamke ambaye hayupo. Nikapokea karatasi yangu, nikasema asante mwanangu, nikatoka.

Sijafika kwenye benchi la nje, nikasikia viatu nyuma yangu. Yule muuguzi mnene. Akapiga goti pale pale kwenye korido, akauchukua mkono wangu. "Shikamoo, somo."

Nikamwangalia. Sura imevimba kidogo, mashavu yameongezeka, lakini macho ni yale yale ya uchokozi. Nilimfunda huyu, Mbagala, msimu wa mvua zilizong'oa daraja letu. Nilimbeba mgongoni akiwa mwembamba kama mwiko. Nikasema, "Marahaba. Umekula nini wewe?"

"Maisha, somo." Kisha akaacha kucheka. "Kwa nini umesema mwalimu?"

"Si ni mwalimu?"

"Somo. Atakufunga kiuno."

"Sasa nimwambie mwanamume? Nimwambie nini? Nianzie wapi?"

Akasimama, akafikiri, akanishika mkono akanirudisha ndani. Daktari alikuwa anakunywa chai. Muuguzi akamwambia, "Daktari, kazi ya mama haijaandikwa sawasawa. Anahitaji kukuonyesha anavyotumia mgongo. Lakini wewe huruhusiwi kuona."

Daktari akasema, "Sasa nitaonaje?"

"Nitaona mie, nikueleze. Geukia ukutani."

Nampa heshima zake kijana yule mpaka leo. Aliweka kikombe chini, akachukua kalamu, akageukia ukutani. Pale ukutani kulikuwa na mchoro mkubwa wa mifupa ya binadamu, kwa hiyo akawa anatazamana na fuvu pua kwa pua. Mie nikajifunga kanga kiunoni, nikashika ukingo wa meza kwa sababu ya miguu, na muuguzi akaanza kunipigia ngoma kwa vidole kwenye sinia la sindano, taratibu, ile yenyewe.

Nikaenda. Kiuno kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kazi, lakini hakijasahau.

"Nyonga zinazunguka," muuguzi akasema kwa sauti ya wodini. "Kulia, nyuma, kushoto, mbele. Magoti yamekunjwa kidogo. Mabega hayatikisiki kabisa."

"Mabega hayatikisiki," daktari akarudia akiandika.

"Sasa anabenua kwenda nyuma. Anabenua sana."

"Sana kiasi gani?"

"Daktari, wee andika sana."

"Kwa muda gani mfululizo?"

"Mpaka mpiga ngoma achoke."

Kalamu ikasimama. Nikaona shingo yake inataka kugeuka. "Mama, una miaka mingapi kweli?"

"Usigeuke," nikamwambia.

Miguu ikaanza kufa, nikakaa. Nilikuwa natokwa na jasho na nacheka kama mwehu, na muuguzi anafuta macho na pamba. Daktari akaomba ruhusa ya kugeuka, akapewa. Alikuwa amekuwa mwekundu kwa kadiri mtu mweusi anavyoweza, lakini alikuwa daktari kweli, maana alichosema ni hiki: "Basi kabari hapana. Nati hapana. Tunaingia na kibomba, tunapanua mfereji, tunatoka. Kiuno tunakuachia." Akanionya bila kuzunguka kwamba mfereji unaweza kubana tena, na ile pingili inaweza kuteleza zaidi, na hapo huenda tukarudi kwenye vyuma. Nikamwambia hayo nimeyasikia na nimeyakubali.

Nikajiona nimeshinda. Nikauliza lile lililonileta. "Na kubeba je?"

"Kubeba nini, mama?"

"Mtu. Mtu mzima. Mgongoni."

Wakaangaliana. Muuguzi akainamisha kichwa, maana yeye alijua. Daktari akasogeza kiti karibu yangu akasema polepole kwamba atanirudishia miguu, atanirudishia kusimama, pengine na ngoma yangu nikienda taratibu. Lakini kubeba mtu mzima mgongoni, hapana. Si mfungo tatu, si mfungo wowote. Nilikasirika. Nikamuuliza faida ya kutoboa mtu ni nini kama hawezi kubeba. Akasema, "Faida ni kutembea, mama." Nikamwambia kutembea hata kuku anatembea.

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikafikiria kuahirisha upasuaji, nimbebe mtoto siku yake kisha wanitoboe watakavyo. Lakini kila nikifumba macho naliona banda la kuku, na safari hii anayelala juu yake ni mwali wangu. Nikaenda nikalazwa.

Nusu kaputi nilipewa asubuhi. Nilipoamka nilihisi mgongo unauma kama nimepigwa teke na punda, lakini miguu, jamani, miguu ilikuwa yangu. Kesho yake wakanisimamisha. Nikatembea koridoni, wima, nikapita benchi la kwanza, nikapita la pili, sikuinama. Nikarudi. Nikamwambia muuguzi tuzunguke tena, akasema somo, tulia, hapa si supamaketi.

Shida ikaja na watazamaji. Mtu akipasuliwa kwetu anatazamwa, na anayekuja kutazama analeta uji, na aliyeleta uji ana haki ya kuona kidonda. Wakaja nyumbani chumba kizima. Jirani akanifunua mgongo, akainamisha kichwa, akatafuta. "Kiko wapi?"

"Hapo chini."

"Hiki? Hiki si chunusi?"

Wakasogea wote. Kidonda chenyewe kilikuwa na upana wa ukucha wa dole gumba, nyuzi zimejificha. Wakaguna kama watu waliodanganywa. Mmoja akasema pengine wamekulaza tu, wakakuamsha. Mwingine akasimulia shemeji yake wa Pugu, aliyepasuliwa toka huku mpaka huku, huo ndio upasuaji. Jirani alikivua kitambaa kiwiko chake wakalinganisha, na kwa kweli chake kilikuwa kikubwa. Waliondoka na nusu ya uji.

Nilikatazwa kuinama, kujisokota na kunyanyua hata ndoo. Basi mjukuu wangu nikamfunda nimelala ubavu. Yeye anasimama katikati ya chumba, mie naelekeza kwa mdomo na kwa kidole. Hapana, si hivyo, unatwanga au unacheza? Legeza. Tuliza mabega, mabega ni ya kubebea maji. Nilimkaripia sana, zaidi ya nilivyowahi kumkaripia mwali yeyote, kwa sababu nilikuwa naona uchungu kumwambia. Mwishowe nikamwambia. Sitakubeba.

Akakaza upya kanga kiunoni. Kisha akasema, "Basi nitatoka kwa miguu, bibi. Si kitu."

"Utoke kwa miguu kama unakwenda kununua mkaa? Ukoo huu?"

"Tutamwita yule wa kukodi?"

Hapo ndipo nilipolia, na mtoto akapanda kitandani nyuma yangu, akakaa kwa uangalifu asiguse ile chunusi yangu.

Siku ikafika. Uani pamejaa, ngoma zimeanza tangu adhuhuri, shangazi zake wamekaa mbele wanasubiri kuona aibu. Mwali yuko chumbani gubigubi. Muuguzi aliingia kwa mlango wa nyuma, ametoka zamu, amevua sare kavaa kanga, akafunga nyingine kiunoni kwa fundo la kazi. Nilikuwa nimemwomba. Sikuomba kwa kuzungukazunguka, nilimwambia wewe nilikubeba, nikopeshe mgongo. Akasema, "Somo, huu mgongo ulivyonenepa, unatosha kuwa wangu na wako."

Akachuchumaa. Nikampandisha mwali, nikamkaza kanga, nikaweka kiganja changu mgongoni kwa mtoto na sikukiondoa. Tukatoka. Muuguzi anakwenda kwa hatua nzito, mie ubavuni kwake nimenyooka, tukapita ukumbini, tukapita kizingiti ambako zamani miguu ingekuwa imeshaniaga, vigelegele vikatupokea. Shangazi zake walisimama. Jirani alikuwa anaangalia miguu yangu tu, akisubiri nianguke, na kiwiko chake amekishika.

Katikati ya uani nikahisi chini ya kiganja mgongo wa mtoto unatikisika. Nikadhani anacheka kama mama yake. Kumbe analia. Kisha, mwali ambaye hatakiwi kusema, mbele ya wanawake wote wa Temeke, akatoa sauti ndani ya kanga.

"Bibi. Mgongo wako hauumi?"

Nikamchapa kofi dogo pale pale juu ya kanga. "Nyamaza. Mwali hasemi."

Nikalia sana, nimesimama, na sikutafuta pa kushika.